Baba mkwe analima tangawizi siku ya Krismasi, je ana kosa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mchaga wa Marangu, Mlutheri wa kuzaliwa, nimeolewa upareni, Same kule juu milimani, na ukoo mzima ni Wasabato. Mwaka jana ndo ilikuwa Krismasi yangu ya kwanza ukweni. Asubuhi ya tarehe 25 nikavaa gauni jipya, nikamvalisha mtoto, natoka nje namkuta baba mkwe kashika jembe anaenda kwenye tangawizi zake. Kanitazama juu mpaka chini akaniuliza kwa upole tu, "Mama, mnasafiri?" Mchana tukala makande. Sikugombana na mtu ila nililia chooni. Naomba unielimishe, kwa nini kuna watu Krismasi ni kama roho yao na wengine hawataki hata kuisikia, na Biblia ni moja? Na mwaka huu nifanyeje?

Jibu: Marahaba binti yangu. Hilo la kulia chooni usilionee aibu, nimefundisha historia ya kanisa miaka mingi na nimeshaona wachungaji wazima na makoti yao wakinuniana kwa jambo dogo kuliko hilo. Na swali lako nimelipenda kwa sababu umelileta na jembe na gauni, maana wengi wakiniuliza hili wananiletea mistari mitupu, na mistari peke yake hapa haikufikishi mbali. Biblia haina tarehe ya kuzaliwa Yesu, haina amri ya kuisherehekea siku hiyo, na haina amri ya kuikataa. Anayekwambia "imeandikwa", awe upande wako au upande wa baba mkwe, mwambie akufungulie ukurasa.

Sasa kama haijaandikwa, watu wanaamuaje? Mi naona sikukuu ni kama mgeni anayebisha hodi. Wenye nyumba wanamwangalia kaletwa na nani, halafu wanaangalia kama kuna kigoda kitupu cha kumkalisha. Akikuta kigoda kipo anakaa, anakula, baada ya miaka hamsini ukimwita mgeni watu wanakushangaa. Akikuta kigoda kina mtu, au kaja kaongozana na yule ambaye nyumba hiyo imeshagombana naye, anabaki mlangoni hata awe kavaa vizuri namna gani. Mafundisho yanakuja baadaye kueleza kwa nini mgeni kakaribishwa au kafukuzwa. Wenzangu wa theolojia hawapendi nikisema hivi, ila nitakuonyesha.

Anza na kwenu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame. Hao ni Wajerumani, na kwa Mjerumani Mlutheri Krismasi ni sikukuu ya nyumbani hasa, ya mti uliowashwa mishumaa na nyimbo na watoto, Luther mwenyewe alifuta mambo mengi ya Roma lakini kuzaliwa kwa Bwana hakukugusa. Kwa hiyo mgeni aliletwa na watu wanaompenda. Na Wakatoliki waliokuja Kilema miaka hiyohiyo nao walikuwa na Noeli yao, basi mlima mzima ukasikia habari moja kutoka pande zote mbili, jambo ambalo wale wamisionari hawakukubaliana mara nyingi. Alafu kuna mmisionari wao Bruno Gutmann, aliyefika 1902 na baadaye kukaa Old Moshi mpaka 1938 ukiacha miaka michache baada ya vita ya kwanza. Huyu alikuwa mtu wa ajabu kidogo, aliamini ukoo, ujirani na rika ni vitu Mungu mwenyewe alivipanda kwa Wachaga, na kanisa lijengwe juu yake badala ya kuvibomoa. Wapo wanaomsifu na wapo wanaosema alitaka Wachaga wabaki walivyo wasije wakaanza kudai mambo, tusiingie huko leo. Ninachotaka ukione ni kwamba kigoda kilikuwepo, na kigoda ni kihamba, lile shamba la migomba la ukoo.

Wewe unajua kuliko mimi Desemba ilivyo. Kahawa imeshavunwa, shule zimefungwa, aliyeko Dar, Arusha, Mwanza anapanda. Stendi ya Magufuli pale Mbezi wiki ya tarehe 20 hapafai, mabasi ya ziada yanaongezwa na bado watu wanalala na mabegi, na mjini wanabaki wanataniana kwamba sasa hakuna foleni maana Wachaga wamepanda. Ukifika juu kuna mbege ya ndizi na ulezi imeshaiva, kuna mbuzi au ng'ombe, kuna kisusio, kila kiungo cha nyama kina mwenyewe na ukikosea kugawa utasikia mpaka Pasaka. Jioni wanaume wanakaa kikao cha ukoo: mpaka wa kihamba umesogea, mtoto wa fulani hana ada, makaburi ya wazee yafyekwe, huyu binti mchumba wake ni wa wapi. Yesu yupo kanisani asubuhi masaa matatu, ila siku nzima ni ya ukoo. Ndo maana Mchaga ambaye hajakanyaga kanisani tangu Kipaimara bado atakopa nauli ya Desemba. Ukimwambia Krismasi ni ya kipagani hakusikii, kwake umemwambia asiende kwao.

Na wewe nadhani ulilia kwa sababu hiyo, binti yangu. Makande ni chakula kizuri sana. Uliona siku ya kwenu imepita na hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba imepita.

Haya tuvuke bonde twende upareni. Wasabato walifika Giti kwenye milima ya Pare mwaka 1903, walioanzisha ni Ehlers na Enns, na hao nao wametoka Ujerumani! Wajerumani walewale, milima inayotazamana, kipindi kilekile, mmoja anawasha mti na mwingine anashika jembe. Kama ingekuwa ni utaifa tu wangefanana, kwa hiyo inabidi uulize mzigo wao waliufungia wapi.

Uadventista, yaani huo Usabato, ulizaliwa Marekani, ukasajiliwa kama kanisa mwaka 1863 pale Battle Creek, Michigan, lakini mizizi yake iko kaskazini mashariki, majimbo ya New England, Ellen White, mmoja wa waasisi wake wanayemwona nabii, alizaliwa Maine mwaka 1827. Na nchi hiyo ilijengwa na Wapuriti, Waprotestanti wakali kutoka Uingereza ambao hawakuwa na utani na Krismasi. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba atakayekutwa anaisherehekea, ama kwa kuacha kazi ama kwa kufanya karamu, alipe faini ya shilingi tano. Yaani gauni lako na pilau vingekuponza. Sheria hiyo ilikaa mpaka 1681, na hata ilipofutwa watu waliendelea kufungua maduka na kwenda kazini siku hiyo kwa vizazi vingi, Massachusetts haikuitambua kama siku ya mapumziko mpaka 1856. Kwa hiyo mtoto wa New England wa wakati wa Ellen White alikua akiona Desemba 25 ni siku kama siku nyingine, bila mtu kumfundisha chuki yoyote.

Wapuriti walikuwa na ugomvi gani nayo? Walisema tarehe haimo kwenye Maandiko, na hapo walikuwa sahihi. Walisema imeletwa na Roma. Na walisema, hili huwa wengi hawalisikii, kwamba ni siku ya ulevi, kamari na vijana kugonga milango ya matajiri usiku wakidai pombe, na kwa Uingereza ya wakati ule hawakuwa wanasingizia. Bunge lao kule Uingereza liliifuta Krismasi pamoja na Pasaka na Pentekoste mwaka 1647. Krismasi ya mwaka huohuo watu wa Canterbury walifanya fujo, waliwavamia wenye maduka waliotii amri wakafungua biashara, maana hakuna kitu kinamuuma mtu wa kawaida kama kunyang'anywa siku yake ya kula vizuri. Bunge hilo lilikuwa limepigana vita na mfalme likauondoa ufalme, na mfalme aliporudi 1660 na Krismasi ikarudi naye. Ona hapo, sikukuu imeshakuwa bendera. Ukila unaonekana ni mtu wa mfalme, ukifanya kazi ni mtu wa Bunge.

Sasa ongeza jambo la pili kwa Wasabato, ambalo kwangu ndo zito zaidi: kigoda chao kina mtu. Wewe umekaa ukweni, umeona Ijumaa. Jua likianza kuelekea kuzama watoto wameogeshwa, nguo zimepigwa pasi, chakula cha kesho kiko tayari jikoni, kuni zimeingizwa ndani, familia inakaa inaimba kufungua Sabato, na kesho yake kila anayekutana na mwenzake ni "Sabato njema". Hiyo wanaifanya mara 52 kwa mwaka, na imeandikwa kwenye amri kumi. Mtu mwenye siku kubwa kila wiki, ambayo kwa ajili yake pengine aliwahi kukosa mtihani au kibarua, ukimletea siku nyingine ambayo haina mstari na inabebwa na kanisa lilelile analoamini ndo lililohamisha ibada kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, unategemea afanyeje? Kanisa lao kimsingi halijapiga marufuku Krismasi, utakuta Wasabato mijini wanapika pilau na kutembeleana na hakuna mzee wa kanisa anayewaita kikaoni, Ellen White mwenyewe hakuona ubaya watu kutumia siku hiyo kumtolea Mungu sadaka. Ila vijijini ule uzito wa zamani upo, na baba mkwe wako ni mtu wa zamani.

Na makambi, ile mikutano yao mikubwa ya ibada, umeshayaona? Kama bado subiri. Wiki nzima, kwaya zimeshona sare, waliopo Dar wanaomba ruhusa kazini waje, mahema, mahubiri asubuhi mpaka jioni, wanawake wanapika kwenye masufuria makubwa, watoto wananunuliwa viatu. Mimi nilipoalikwa mara ya kwanza nilimwambia mwenyeji wangu, mzee hii si ndo Krismasi yenu? Akacheka akaniambia niishie hapohapo.

Lakini usije ukadhani kila kitu kinafuata mmisionari alikotoka. Angalia Kenya. Waliofungua misheni Kikuyu mwaka 1898 ni Wapresbiteri wa Uskochi, na kanisa lililotokana nao leo ni PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Waskochi! Bunge lao lilifuta likizo ya Krismasi mwaka 1640, na Uskochi Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya taifa mpaka 1958, mtu alikuwa anaenda kiwandani tarehe 25 kama kawaida na sherehe yake kubwa ni mwaka mpya. Kwa hesabu hiyo Wapresbiteri wa Kiambu na Nyeri wangekuwa wanalima siku hiyo kama baba mkwe. Nenda kaone. Nairobi inahama, kila mtu anaenda shags, yaani kijijini kwao, nauli za matatu zinapanda mara mbili, mbuzi wanapanda bei. Ukoloni ulimpeleka mwanaume akafanye kazi mbali na kwao mwaka mzima, kwa mabwana Waingereza ambao Krismasi walikuwa wanaipumzika, kwa hiyo siku pekee aliyoweza kwenda kuona mama yake ilikuwa Desemba. Kigoda hicho kilichongwa na kazi za mjini, mmisionari akae kimya tu.

Wengine mgeni hakuwajia na mzungu kabisa. Waethiopia wana Ukristo wa ikulu tangu mfalme Ezana wa Aksum, karne ya nne, na Genna yao wanaila tarehe 29 ya mwezi wao wa Tahsas ambayo kwetu inaangukia 7 Januari, baada ya kufunga zaidi ya siku 40 bila nyama wala maziwa. Na bado kwao kubwa kwa shamrashamra ni Timkat, ubatizo wa Yesu, tarehe 19 Januari, pale mapadri wanatembeza tabot, mfano wa sanduku la agano, wakiwa na miavuli ya rangi na watu wanarukia maji. Ukimwambia Mhabeshi kwamba Krismasi ni ya wazungu atakucheka, babu zake waliisherehekea wakati wazungu wengi bado wanaabudu miti.

Na kuna waliompokea mgeni wakambadilisha jina na siku. Jirani zetu Kongo, Wakimbangu. Simon Kimbangu alianza kuponya na kuhubiri Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, Wabelgiji wakamkamata mwaka huohuo, akafungwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, akafia humohumo Oktoba 1951 baada ya miaka 30 jela. Kanisa lake leo lina mamilioni ya watu, na Krismasi wanaifanya tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa mtoto wake wa pili, Dialungana Kiangani, mwaka 1916, ambaye wanaamini ndo Kristo aliyerudi. Makanisa mengine yanashika kichwa kwa mafundisho hayo, na mimi pia siyafuati. Ila nikifikiria kama mwanahistoria naelewa: Mbelgiji aliyemfunga baba yao alikuwa anakula Noeli tarehe 25 Desemba na askari wake na mapadri wake. Siku ikiwa imeshikwa na aliyekuumiza, unaweza kuikataa kabisa, au unaweza kuichukua ukaiweka mahali ambapo yeye hayupo.

Hili la kuhamisha tarehe halijaisha. Ukraine walikuwa wanasherehekea 7 Januari kama Warusi, kwa kalenda ya zamani. Mwaka 2023, katikati ya vita, bunge lao likaihamishia rasmi tarehe 25 Desemba na kanisa lao la Kiorthodoksi likabadilisha kalenda. Yesu ni yuleyule, zaburi zilezile, ila hawakutaka tena kupiga kengele siku moja na Moscow. Na Moscow nako huko nyuma Wakomunisti walishapiga vita Krismasi na mti wake, halafu mwisho wa 1935 wakaurudisha mti wakauita wa mwaka mpya, maana watoto walikuwa wananung'unika na serikali yoyote inaogopa mtoto aliyenuna. Kuba ndo kali zaidi, Castro aliifuta siku hiyo mwaka 1969 kwa sababu watu walitakiwa mashambani kukata miwa, alikuwa anataka tani milioni 10 za sukari, hazikufika. Krismasi ikarudi Desemba 1997 kwa sababu Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa anakuja mwezi unaofuata. Miaka 28 ya ukomavu wa kimapinduzi ikaondoka kwa mgeni mmoja.

Kuhusu Wajapani nitapita haraka, ingawa wanafunzi wangu ndo wanawapendaga. Wakristo kule ni kama asilimia moja tu, lakini jioni ya 24 Desemba watu wanapanga foleni kuchukua kuku wa KFC walioweka oda wiki kadhaa nyuma, kwa sababu ya tangazo la biashara lililoanza mwaka 1974, na wapenzi wanatoka kwenda kula keki ya krimu na stroberi. Nchi hiyohiyo iliupiga marufuku Ukristo kuanzia 1614 mpaka 1873 na ikaua watu. Mgeni aliingia siku alipokuja bila msalaba.

Niseme kidogo na Waislamu, maana najua Same mjini mnao na Usangi na Ugweno wamejaa. Mwislamu anamheshimu Nabii Isa, kuna sura nzima ya Maryamu kwenye Kurani na kuzaliwa kwake kumesimuliwa humo, chini ya mtende. Anachokataa ni lile neno Mwana wa Mungu, kwa hiyo kusherehekea siku ambayo maana yake ni hiyo kunamletea shida, na kuna masheikh wanaokataza hata kusema heri ya Krismasi na wapo wanaoona ni ujirani mwema tu. Lakini Wakristo wengi hawajui kwamba Waislamu wenyewe kwa wenyewe wana ugomvi uleule wa kwako na baba mkwe. Maulidi! Lamu wanakuja watu kutoka pwani nzima kwa Maulidi yaliyoanzishwa na Habib Swaleh, dufu, kaswida, maulidi yanasomwa, Tanzania ni sikukuu ya serikali kabisa, na hapohapo kuna Waislamu wanaosema hii ni bidaa, Mtume hakufanya, masahaba hawakufanya, haiko kwenye dini. Soma hoja zao halafu soma za Msabato kuhusu Krismasi, ukifuta majina huwezi kujua yupi ni yupi. Kila dini yenye kitabu ina watu wa "kama hakijakatazwa tufurahi" na watu wa "kama hakijaamriwa tuache".

Mtaani hata hivyo watu wana akili kuliko sisi wenye vyeti. Wewe umekulia Marangu lakini lazima umeona hili mahali: Mkristo anataka kuchinja mbuzi wa Krismasi, anamwita jirani Mwislamu aje achinje yeye, ili majirani wote waweze kula. Hakuna aliyeitisha mkutano wa dini mbalimbali. Na Senegal, nchi ya Waislamu, Wakristo wachache waliopo Ijumaa Kuu wanapika ngalakh, uji mzito wa uwele wenye karanga na ubuyu, wanasambaza mabakuli kwa majirani Waislamu, na hao majirani Idi ya kuchinja ikifika wanarudisha nyama. Ubuyu huuhuu tunaomung'unya sisi! Huko mtu anaweza asikubaliane na mafundisho ya siku na bado akawa anaisubiri kwa hamu, kwa sababu ya bakuli.

Hoja moja utakutana nayo ukweni nikuandae, ya kwamba 25 Desemba ilikuwa siku ya mungu jua wa Warumi. Kuna ukweli na kuna kuvuta. Kaisari Aurelian aliinua ibada ya Jua Lisiloshindwa mwaka 274, na kalenda ya Roma ya mwaka 354 inataja siku ya jua na kuzaliwa kwa Kristo zote tarehe hiyo. Wengi wanasema kanisa lilibandika Krismasi juu ya ile ya jua. Wengine, na mimi naegemea kwao kidogo, wanasema Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba 25 Machi, siku waliyodhani pia ndo aliyokufa, ukihesabu miezi tisa unafika 25 Desemba. Vyovyote iwavyo, Wakristo wa mwanzo kabisa hawakuijali, Origen wa Aleksandria karne ya tatu alisema kwenye Maandiko wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ni watu wabaya tu kama Farao na Herode. Mashahidi wa Yehova wanatumia hoja hiyohiyo mpaka leo kukataa hata keki ya bethidei, na hao nao walikuwa wanasherehekea Krismasi makao makuu yao Brooklyn hadi 1926 ndipo wakaacha. Pasaka ndo ilikuwa ya kwanza, na ndo iliyowagombanisha kwanza.

Hapo kwenye Pasaka kuna kisa nakipenda. Karibu mwaka 155 mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri mpaka Roma kuonana na askofu Aniketo. Polikarpo alikuwa anashika Pasaka tarehe 14 ya mwezi Nisani wa Wayahudi hata iangukie siku gani, alisema ndivyo alivyofanya na mtume Yohana. Roma walikuwa wanafanya Jumapili. Wakajadiliana, hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniketo akamwachia mzee aongoze meza ya Bwana kanisani kwake, wakaagana kwa amani, kila mtu akarudi na tarehe yake. Miaka kama 35 baadaye askofu mwingine wa Roma, Viktor, akataka kuwatenga watu wa Asia Ndogo, kwao Polikarpo, kwa jambo hilohilo na akakemewa na maaskofu wenzake.

Sasa mwaka huu. Kwanza ongea na mume wako kabla ya Desemba, sio tarehe 24 usiku, mwambie ulichoniambia mimi pamoja na chooni. Wanaume wengi wa kipare niliowafahamu ni watu wa hoja, ukimpa jambo mapema analipanga. Pili usimdai baba mkwe aache jembe. Kwake kuacha kazi siku hiyo kwa makusudi ndo kuishika, kwa hiyo ukimwomba apumzike umemwomba aabudu kwa namna yako. Ila chakula hana ubaya nacho. Angalia tarehe 25 inaangukia siku gani, ikiwa Jumamosi umepona maana wote mtakuwa mmevaa. Isipoangukia hapo pika wewe, muulize mama mkwe kama unaweza kuchukua jiko siku hiyo, usiiite chochote, sema tu unataka kuwapikia wazee. Nyama yenyewe iwe ya mbuzi, na mbege acha huko huko Marangu, tafadhali, na kitimoto usiote.

Mtoto mvalishe gauni lake. Babu yake akiuliza mnasafiri, safari hii jibu ndiyo. Kutoka Same mpaka Moshi ni kama kilomita 100 tu, mkitoka kesho yake asubuhi tarehe 26 mchana mko kihambani na nyama bado ipo, nyumba za Marangu hazijawahi kumaliza ng'ombe kwa siku moja. Ila tiketi ya kurudi ikate kabisa kabla hamjapanda, maana mabasi ya kushuka kuanzia tarehe 27 yanajaa watu wa Dar, na konda anayekwenda Dar hataki kusikia habari za abiria wa kushukia Same.

Na kwenye makambi nenda na kitenge kipya.